Chombo Gani, Maji Gani

Bandarini Mkokotoni, alfajiri, muulize kijana anayepakia barafu na madumu ya petroli anakwenda baharini na nini. Atakujibu kwa neno moja: boti. Kisha nenda Malindi, mjini Unguja, umuulize abiria aliyeshuka sasa hivi kutoka Dar es Salaam amevuka na nini. Naye atakujibu: boti. Cha kijana ni ganda la faiba la mita saba, lenye mashine moja nyuma na upo wa kukumbia maji uliokatwa kwenye dumu kuukuu. Cha abiria ni chombo kinachobeba mamia ya watu, chenye rada, redio na mabaharia waliosomea kazi. Vyombo hivi viwili havifanani hata kidogo, lakini jina ni lile lile. Nimeandika makala haya kwa ajili ya neno hilo, kwa sababu nimekuja kuamini kwamba ufupi wake unatugharimu roho za watu.

Wazee wa mwambao walikuwa na neno la jumla, chombo, ila hawakuishia hapo. Walisema hori. Hori ni mkono wa bahari uingiao nchi kavu, na hori pia ni kijichombo kinachotembea humo. Maji na chombo vikaitwa jina moja kwa kuwa havikuachana. Walisema mtumbwi, gogo lililochongwa, la kutegea na kuvukia palipo shwari. Walisema ngalawa, mtumbwi uliofungwa mirengu huku na huku usipinduke, ukatwekwa tanga, ukaweza kutoka nje ya mwamba na kurudi siku hiyo hiyo. Walisema dau, lililochongoka ncha zote mbili, na mashua, iliyokatwa bapa upande wa tezi, yaani nyuma. Hizo zilivuka kwenda Pemba, Tanga na Mafia. Walisema jahazi, na hapo msikilizaji alijua kwamba safari ni ya misimu: kuteremka na kaskazi kutoka Arabuni, kurejea na kusi.

Katika utaratibu huo jina la chombo lilikuwa mpaka wake. Mtu angesema, "Fulani amekwenda Pemba na hori," baraza zima lingesimama na wanawake wangeanza kulia kabla ya habari kuja. Leo tunaambiwa, "Fulani amekwenda Pemba na boti," na hakuna anayeinua kichwa kutoka kwenye kahawa yake.

Nami nilikuwa mmoja wa wasioinua kichwa. Mwaka mmoja, msimu wa kusi, tulitoka Nungwi watu watano kutafuta jodari, katika faiba ya mashine moja. Mjomba wangu, aliyekuwa nahodha wa mashua enzi za tanga, alikuwa amekaa omo, mbele ya chombo, kama mgeni, kwa kuwa mashine haikuwa kazi yake. Tulikuwa tumeuacha mwamba nyuma sana mashine ilipokohoa mara mbili ikazima. Kimya kikaingia. Nikasema, "Mjomba, tumesimama."

"Nani kakwambia tumesimama, mwanangu? Itazame taa."

Nikaitazama taa ya Ras Nungwi. Ilikuwa inatuacha. Hapakuwa na kishindo wala upepo wa kutisha, na chombo kilionekana kimetulia pale pale juu ya maji, lakini minara na minazi ilikuwa ikisogea kusini na kupungua kimo. Mjomba akafunga ndoo kwenye kamba, akaitupa majini kutokea omo, nacho chombo kikageuka taratibu kikayakabili mawimbi kwa uso badala ya ubavu. Ndipo alipowaruhusu vijana waifungue mashine. Petroli ilikuwa imeingia maji. Ilikuwa alasiri mashine ilipokubali tena, na tulifika Nungwi usiku.

Miaka mingi baadaye neno langu lile bado linanikera: tumesimama. Nililitoa barabarani. Gari likizima, husimama, ukashuka, ukaweka majani nyuma yake, ukangoja fundi. Baharini hakuna kusimama. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi hupungua nguvu, wakati wa kusi huongezeka. Chukua mkondo wa maili mbili tu za baharini kwa saa, ambao si mkali. Kwa saa 24 chombo kilichozima mashine kitakuwa kimechukuliwa maili 48, karibu kilomita 89, bila mtu kugusa usukani. Anayeanza kutafuta kesho yake pale alipoambiwa "wamesimama" anatafuta maji matupu.

Kiswahili cha nchi kavu kimeundwa kwa mbao za chomboni, na hili tunalisahau. Usukani ulikuwa wa chombo kabla ya kuwa wa gari. Abiria ni mtu wa kuabiri, yaani kuvuka maji. Leo yumo ndani ya daladala na maji hayaoni. Rubani alikuwa mjuzi wa kuingiza vyombo bandarini kati ya miamba. Tumempandisha kwenye ndege. Dira imetundikwa kwenye mipango ya serikali, na Watanzania tumeishi na Dira ya Maendeleo ya 2025 bila wengi wetu kuwahi kuishika dira yenyewe mkononi. Mrama ni kule kuyumba kwa chombo kinapopigwa na wimbi ubavuni. Sasa vyama, ndoa na timu za mpira ndizo ziendazo mrama. Ni utajiri wa lugha, wala siulalamikii. Ninacholalamikia ni kwamba maneno yalipopanda pwani, baharini yalibaki mapengo, na mapengo hayo tumeyajaza kwa maneno ya gari.

Kubwa kati ya hayo ni dereva. Sikiliza vizuri katika bandari zetu za wavuvi na fukwe za watalii: anayeshika mashine huitwa dereva wa boti, au kapteni akitaka kupendeza wageni. Nahodha ni neno la Kiajemi, na maana yake ni bwana wa chombo. Huyo alijibu kwa kila kitu: upepo, maji, shehena, chakula, roho za watu, na uamuzi wa kutotoka kabisa. Dereva hujibu kwa mwendo. Kazi yake ni kufika, na barabara ameikuta imetengenezwa. Ukimwita mtu dereva unamfundisha, bila kukusudia, kwamba penye petroli pana safari.

Na petroli yenyewe inapimwa kwa akili ya barabara. Mashine ya farasi 40 ikifunguliwa yote hunywa zaidi ya lita 15 kwa saa, na kwa kila maili hunywa zaidi chombo kikiwa kizito au kikikabili pepo za omo. Kanuni ya mabaharia inajulikana: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya akiba. Ile ya akiba si ya kurudisha dukani jioni. Ni ya upepo utakaogeuka. Katika tanga, upepo uliokupeleka ukikataa kukurudisha ungepiga bisho, ungekwenda upande huu na ule mpaka ufike, kwa kuchelewa. Mashine ya kupachika haina bisho. Ina mafuta au haina.

Hiyo "mashine ya kupachika" ni istilahi nzuri, mojawapo ya chache za ofisini ambazo zinasema kweli. Inapachikwa, yaani haikuzaliwa na chombo. Na inapopachikwa ndipo palipo na hatari ambayo lugha ya zamani ingetuonya. Dau lilichongwa ncha zote mbili kwa sababu wimbi huja pia kutoka nyuma. Tezi iliyochongoka hulipasua kama omo inavyolipasua la mbele. Mashine hutaka ubao bapa wa kushikia, kwa hiyo tezi hukatwa bapa, tena hushushwa ili rafadha ifike majini. Juu yake huwekwa kilo 70 hivi za chuma, kando yake akakaa dereva na madumu. Upande mzito kuliko wote ndio mfupi kuliko wote. Chombo kikirudi nyumbani na bahari ya mgongoni, wimbi moja linaloingia tezini linatosha: maji huanguka ngamani, mashine huzama nusu, ikazima.

Ngama. Neno hili ningependa kila kijana wa faiba alirudishe mdomoni. Ni tumbo la chombo, mahali pa chini kabisa ambapo maji hukusanyika. Waswahili walilitumia kwa hekima kubwa waliposema kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Maji ya ngamani hayatulii. Chombo kikilala kulia, hukimbilia kulia na kukilaza zaidi. Kikiinuka, hukimbilia kushoto. Ndoo chache zilizoachwa humo kwa uvivu hukinyang'anya chombo uwezo wa kuinuka. Jahazi lilibeba farumi, mawe au mchanga uliopangwa chini, ili uzito ukae mahali pake. Maji ni farumi inayotembea. Ndiyo maana nahodha alimtenga mtu wa kukumba maji hata siku ya shwari, na hakumwita mtumishi.

Nije kwenye maji, maana chombo ni nusu tu ya swali.

Tunalo neno bahari kuu, nalo limebebeshwa mambo mengi mno. Kwa watu wa kawaida ni bahari yenyewe yote, Bahari Kuu ya Hindi. Katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari wa 1982, linapofasiriwa, ni maji yasiyo ya nchi yoyote, ng'ambo ya maili 200. Katika sheria za Tanzania, uvuvi wa bahari kuu unasimamiwa na mamlaka maalumu yenye makao yake Fumba, nao unahusu ukanda ulio kati ya maili 12 na 200 kutoka pwani. Maana tatu, neno moja. Kijana wa Mkokotoni hazijui hizo maili. Anachosikia redioni ni kwamba samaki wa karibu wamekwisha na utajiri uko bahari kuu, kwamba huu ni wakati wa uchumi wa buluu. Anaangalia faiba yake, na mashine yake, na anaona amealikwa.

Mwaliko huo una kipimo ambacho macho yake yanaweza kumwambia. Mtu aliyekaa katika chombo kidogo, jicho lake likiwa mita moja na nusu juu ya maji, huona upeo wa bahari kwa kilomita nne na kidogo tu. Pwani yetu ni ya chini. Minazi ya mita 20 hupotea machoni pake yapata kilomita 20 kutoka nchi kavu. Maili 12 za baharini ni kilomita 22. Kwa maneno mengine, pale ambapo sheria inaanza kusema bahari kuu, ndipo nchi inapozama machoni pa aliye ndani ya faiba. Mtandao wa simu nao huweza kukata huko. Bila dira, kuanzia hapo hana anachokijua ila jua.

Wazee waliyagawa maji kwa namna nyingine, ambayo mimi naiona bora kuliko ya wanasheria. Kulikuwa na ndani ya mwamba na nje ya mwamba. Kulikuwa na mkondoni. Kisha kulikuwa na kilindini. Mombasa wanalo jina hilo kwenye bandari yao kuu, na wengi hulitamka bila kusikia kilindi ndani yake. Tofauti ya kina na kilindi haikuwa ya maneno tu. Nahodha alitupa bildi, ile risasi ya kupimia, akajua kama nanga yake itashika. Mkondo ulio kati ya Unguja na bara una kina cha makumi ya mita tu. Mashine ikizima humo, tupa nanga, na safari hii kweli utasimama. Mkondo wa Pemba ni kilindi. Hufikia mita 800 hivi. Nanga yenye kamba ya mita 50 inaning'inia tu, na chombo kinakwenda zake pamoja nayo. Vijana wawili wenye faiba pacha, mmoja akielekea Bagamoyo na mwingine akitoka Wete kwenda Tanga, wote wanasema "tunavuka mkondo." Mmoja wao ana breki, mwenzake hana.

Kuhusu pepo sitasema sana, kwani hapo Kiswahili kimehifadhi mali yake. Kila mtoto anayejifunza kusini na kaskazini anataja pepo mbili hata kama hajui. Kusi na mkondo huenda njia moja, na hatari yake ni kukupeleka mbali upesi. Kaskazi huvuma kinyume cha mkondo, na upepo ukikabiliana na maji yaendayo, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Kwa ganda la mita saba hayo ni mabaya kuliko mawimbi makubwa yaliyoachana. Maleleji, wakati pepo zinapobadilishana zamu, hudanganya kwa utulivu.

Lakini pepo sasa tunaletewa na taarifa, na taarifa ina maneno yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa viwango vitatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa, kwa rangi ya njano, chungwa na nyekundu. Waliounda ngazi hiyo walifanya kazi ya maana. Tatizo ni masikio yetu. Rangi haisikiki redioni. Na msomaji wa habari, akishatangaza angalizo, humalizia kwa kuwaomba watumiaji wa bahari wachukue tahadhari. Hapo msikilizaji amepewa ngazi ya kwanza na jina la ngazi ya pili kwa pumzi moja. Mvuvi anayesikiliza huku anafunga nyavu anabaki na sauti tu ya kuonywa, ile ile ya jana na juzi, mpaka siku ya nyekundu inamkuta amezoea. Ningeshauri neno tahadhari liachwe kwa ngazi yake peke yake, na ushauri utolewe kwa kitenzi kinachosema la kufanya: msitoke, rudini, kaeni ndani ya mwamba.

Tena taarifa hiyo husema "mawimbi yanayofikia mita 2." Kwa desturi ya watabiri wa bahari duniani, kimo kinachotajwa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa zaidi. Maana yake katika saa chache za bahari hiyo hiyo mtu ategemee kukutana na wimbi moja moja linalokaribia mara mbili ya hapo. Nasema kimo, sisemi urefu, kwa makusudi: urefu wa wimbi ni kutoka kilele hadi kilele. Kimo cha mita 2 na urefu mkubwa ni mlima wa kupanda na kushuka. Kimo cha mita 2 na urefu mfupi ni ukuta.

Halafu huja habari ya msiba, na magazeti yetu yana kitenzi kimoja kwa kila jambo: boti yazama. Meli ya Spice Islander ilizama, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, katika mkondo wa Nungwi, na hilo ndilo neno lake. Lakini vyombo vidogo vingi haviishii hivyo. Kimoja hujaa maji tezini. Kimoja hupinduka. Kimoja hupanda mwamba kikapasuka. Kimoja huchukuliwa na mkondo kikiwa kizima kabisa, na watu wake wakafa kwa kiu na jua. Kila kitenzi kina dawa yake, na tukivifuta vyote kwa kuzama hatujifunzi dawa hata moja. Chombo cha mbao kilichopinduka huelea, hata faiba ikiwa na nafasi za hewa zilizozibwa, au povu gumu, ndani ya mbavu zake. Mtu akiking'ang'ania huonekana kutoka mbali kuliko kichwa kimoja kati ya mawimbi. Aliyeambiwa maisha yake yote kwamba boti huzama, akiiona imepinduka huiacha na kuanza kuogelea kuelekea minazi, na bahari yetu imewachukua wengi kwa uamuzi huo.

Boya nalo limeumizwa na mtaa. Tumelifanya jina la mtu mjinga, asiye na maana, na sasa tunataka kijana wa miaka 19 alivae kifuani mbele ya wenzake. Wa ofisini wanaandika jaketi okozi, na ingawa wengine hulicheka kwa ugumu wake, mimi nimelipenda: ni vazi linalookoa, basi, na hakuna aliyewahi kutukanwa kwa jina hilo.

Ndugu msomaji wa mwambao, kijana wako akikuaga kesho kwamba anakwenda baharini na boti, usiliitikie neno hilo hivi hivi. Muulize chombo gani, cha urefu gani, chenye mashine ngapi, na kama kina dira. Muulize maji gani: ndani ya mwamba, mkondoni au kilindini. Muulize upepo uliopo, theluthi ya tatu ya petroli iko wapi, na saa ngapi atarudi. Yaandike majibu mahali watakapoyaona wengine. Saa hiyo ikipita hajaonekana, watafutaji wataanza na maneno hayo.